Kiti kikibaki wazi, ni cha nani? Historia fupi ya artikle 110



Mu Januari 2011, kwa siku chache tu, inchi yetu ilibadilisha vifungu nane vya katiba: 71, 110, 126, 149, 197, 198, 218 na 226. Sheria yenyewe ni namba 11/002 ya tarehe 20 Januari 2011. Ukiuliza mtu leo, atakumbuka kimoja tu: kile cha 71, kilichoondoa duru ya pili ya uchaguzi wa Raisi. Na ana haki ya kukumbuka, sababu tarehe 28 Novemba ya mwaka ule ule tulipiga kura ya duru moja, na Joseph Kabila akatangazwa mshindi na 48,95 %, chini ya nusu ya kura.

Wakati watu wote walikuwa wanabishana juu ya 71, kifungu cha 110 kilipita kimya. Hakuna mtu aliyechoma mupira barabarani kwa sababu yake. Lakini kifungu hiki njo kinajibu swali ambalo Kongo imekuwa ikijiuliza tangu 1960: kiti cha serikali ao cha bunge kikibaki wazi, nani anakaa? Na nyuma ya swali hilo kuna lingine kubwa zaidi: kile kiti ni cha nani?

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma sheria. Lakini katiba iliandikwa kwa ajili ya raia wote, na inasomeka. Tena mu kilimo tuko na kazi moja ambayo inanisaidia kuelewa hii jambo: kujaza mapengo. Umepanda mahindi, siku saba ao kumi zimepita, unatembea kwenye mistari. Pale mbegu haikuota, unarudishia ingine. Kazi rahisi, lakini iko na masharti matatu. Kwanza, ijulikane nani anapita kuangalia na kusema "hapa hakuna kitu". Pili, mbegu ya akiba iwe tayari, na iwe ya aina ile ile uliyopanda. Tatu, ufanye haraka, sababu ukichelewa wiki tatu, mumea mupya utakosa jua chini ya wakubwa wake na hautazaa.

Nani anatangaza pengo, nani anajaza, kwa siku ngapi. Tuchukue haya maswali matatu, tutembee nayo katika historia yetu.

KUTOKA 1960 MPAKA 2001

Sheria ya msingi ya tarehe 19 Mai 1960, ile tuliyoingia nayo uhuru, iliandikwa Ubelgiji kwa haraka. Ilimupa Raisi uwezo wa kuteua na kuondoa mawaziri, lakini pia iliweka serikali chini ya bunge. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, Kasavubu alitangaza ku radio kwamba amemuondoa Lumumba. Usiku ule ule Lumumba akajibu kwamba yeye njo anamuondoa Kasavubu. Bunge halikukubali kuondolewa kwa Lumumba. Kwa hiyo kiti cha waziri mkuu, kwa wengine kilikuwa wazi, kwa wengine kilikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na mtu ambaye pande zote mbili zingekubali atangaze pengo.

Tarehe 14 Septemba, Kolonel Mobutu akasema anawapumuzisha wanasiasa wote. Na alijaza mapengo na nani? Hapa wenzangu musome vizuri: aliunda baraza la makomisere lililojaa vijana waliotoka chuo kikuu, na hata wanafunzi ambao walikuwa hawajamaliza masomo. Justin Bomboko aliwaongoza mpaka Februari 1961. Watu wa umri wetu, wenye diploma kama zetu, waliendesha wizara za inchi kubwa hivi bila kuchaguliwa na mtu hata mumoja. Tunapendaka kusema kwamba siasa ingekuwa bora kama ingeachiwa wasomi. Wasomi walikwisha kupewa. Diploma haikuwapa uhalali, sababu mulango walioingilia haukuwa wa katiba.

Miaka mitano baadaye, mambo yakarudia. Tarehe 13 Oktoba 1965 Kasavubu alimuondoa Tshombe, akamuteua Évariste Kimba. Tarehe 14 Novemba bunge likamukatalia Kimba. Kasavubu akamuteua Kimba yule yule mara ya pili. Inchi ikakaa hivyo, serikali ikingoja bunge na bunge likingoja serikali, mpaka tarehe 24 Novemba jeshi likachukua madaraka yote. Mobutu alisema ni kwa miaka mitano. Alitoka Mai 1997.

Halafu tarehe 16 Januari 2001, Mzee Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi mu ofisi yake Kinshasa. Inchi ilikuwa mu vita, imegawanyika vipande. Sheria iliyokuwa inaongoza dola, ile dekreti ya tarehe 27 Mai 1997, ilikuwa imeweka karibu nguvu yote mu mikono ya Raisi. Wananchi hawakuwa na maandishi ya kushika ili kusema: kesho anayekaa ni huyu, kwa siku hizi, na kazi yake ni hii. Wakubwa wa serikali na wa jeshi wakapatana kati yao. Tarehe 26 Januari, Joseph Kabila, kijana wa miaka 29, akaapa. Unaweza kumupenda ao kumukataa, hiyo ni mambo ingine. Ninachosema ni kwamba maswali yote matatu yalijibiwa mu chumba kilichofungwa: nani alitangaza, nani alikaa, na kwa muda gani. Muda wenyewe haukutajwa.

KATIBA YA 2006 ILIJIFUNZA KITU

Watu walioandika katiba tuliyoipigia kura tarehe 18 na 19 Desemba 2005, na ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006, walikuwa na hizi kumbukumbu zote ndani ya kichwa. Inaonekana wazi katika maandishi.

Kwa kiti cha Raisi, vifungu vya 75 na 76 vinajibu maswali yote matatu. Nani anatangaza pengo? Korti ya Katiba, ikiombwa na serikali. Nani anakaa? Raisi wa Senati, kwa muda tu. Kwa siku ngapi? Uchaguzi ufanyike kati ya siku 60 na 90. Kukiwa na shida kubwa isiyozuilika, Korti inaweza kufikisha 120, zaidi ya hapo hapana. Tena kifungu cha 219 kinaongeza kufuli: wakati kiti cha Raisi kinakaliwa na mtu wa muda, ni marufuku kubadilisha katiba. Wakati wa vita ao wa hali ya dharura pia ni marufuku. Yaani muchungaji wa nyumba asibadilishe milango wakati mwenyewe hayuko.

Kwa kiti cha mubunge na cha seneta, kazi ilipewa kifungu cha 110. Kilihesabu namna ambazo mandat inaisha: muda wa bunge kuisha, kifo, kujiuzulu, ugonjwa ao kizuizi cha kudumu, hukumu ya kifungo kwa kosa la makusudi, hata kukosa bila ruhusa zaidi ya robo moja ya vikao (hiyo ya mwisho ningependa kuona ikitumika zaidi). Na ndani ya ile orodha kulikuwa namna moja ingine: kukubali kazi isiyopatana na ubunge. Kazi hizo ziko mu kifungu cha 108, na ya kwanza ni kuwa mu serikali.

Mbegu ya akiba ilikuwa tayari: suplea. Kila mugombea anapeleka jina lake pamoja na majina ya wasuplea wawili. Kiti kikibaki wazi, suplea wa kwanza anaingia. Asipokuwepo, wa pili.

Kwa hiyo sheria ya 2006 ilikuwa rahisi kama mulango wa upande mumoja. Wewe mubunge, umeitwa uwaziri. Unaweza kukataa na kubaki bungeni. Unaweza kukubali, lakini ukitoka hapo umetoka. Suplea anachukua kiti mpaka mwisho wa mandat. Sababu yake inaeleweka. Bunge njo linapaswa kuuliza serikali: pesa imeenda wapi, barabara iko wapi, mbolea iliyoandikwa mu bajeti iko wapi. Mtu hawezi kuwa mu timu mbili mu mechi moja. Na kama kuhama timu kuna bei, mtu atafikiri mara mbili.

Bei ile ilianza kulipwa mapema. Mu Februari 2007 serikali ya Antoine Gizenga iliingia, na wabunge kati ya wale 500 waliochaguliwa tarehe 30 Julai 2006 walikuwa wameitwa uwaziri. Wasuplea wao wakaingia bungeni. Gizenga alijiuzulu Septemba 2008, Adolphe Muzito akachukua nafasi yake. Kila mara serikali inapangwa upya, kuna wanaoingia na kuna wanaotoka. Mubunge wa zamani aliyetoka serikalini alijikuta nje kwa pande zote mbili: uwaziri hana, na kiti cha bunge kinakaliwa na suplea wake mwenyewe, kwa haki kabisa.

Munaweza kufikiria hasira yenyewe. Mtu alifanya kampeni, alichapisha picha, alizunguka vijiji na pikipiki, leo yuko nyumbani na suplea wake njo anaitwa "Honorable".

MWAKA 2011, MULANGO UKAFUNGULIWA PANDE ZOTE MBILI

Kwa kubadilisha katiba kuna njia mbili za mwisho, kufuatana na kifungu cha 218: wananchi wapige kura ya referandumu, ao bunge zote mbili zikutane pamoja, yaani Kongre, na kukubali kwa tatu juu ya tano ya wajumbe wote. Mu Januari 2011, walio wengi bungeni walichukua njia ya pili. Ilienda mbio sana; mwaka ulikuwa wa uchaguzi. Upinzani ulilalamika, lakini hesabu ya viti haikuwa upande wao.

Kifungu kipya cha 110 kinasema hivi, kwa maneno yangu: mubunge ao seneta akiteuliwa ku kazi ya kisiasa isiyopatana na mandat yake, mandat haiishi, inasimamishwa tu. Ile kazi ikiisha, anarudi ku kiti chake moja kwa moja, bila kuomba mtu na bila kura mupya.

Tuwe waadilifu. Wenye kutetea hili badiliko hawakukosa sababu. Walisema: wananchi walimuchagua mtu huyu, suplea walimusikia tu. Walisema pia kwamba sheria ya zamani ilikuwa inafukuza watu wazuri. Mubunge mwenye akili alikuwa anaogopa uwaziri ambao unaweza kuisha kwa miezi minane, na akikataa, inchi inakosa waziri muzuri. Tena, hatukuwa peke yetu. Ufaransa, ambayo katiba yake ya 1958 inafanana na yetu kwa mambo mengi, ilikuwa na sheria ile ile ngumu: ukiwa waziri, ubunge umekwisha. Kwa miaka mingi mawaziri wa kule waliotoka serikalini walikuwa wanaomba suplea ajiuzulu ili uchaguzi mudogo ufanyike, na wao warudi. Tarehe 23 Julai 2008 Wafaransa walibadilisha katiba yao, na tangu hapo waziri anaweza kurudi ku kiti chake mwezi mumoja baada ya kutoka serikalini.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ni wizi. Ninasema kwamba ni uamuzi juu ya mwenye kiti, na tuliupitisha bila kuuzungumuzia.

Angalieni nini kimebadilika kweli. Mbele ya 2011, pengo likitokea, suplea alikuwa mubunge kamili. Aliweza kusimama na kumuuliza swali gumu hata waziri aliyemuachia kiti. Baada ya 2011, suplea wa waziri ni mulinzi wa kiti. Usiku wowote RTNC inaweza kusoma ordonansi ya Raisi inayopanga serikali upya. Jina la tajiri wake likikosa kwenye liste, kesho yake yeye anakusanya makaratasi yake na kurudi nyumbani. Mtu wa namna hiyo atamubana waziri gani? Hata akiwa na roho nguvu, anajua hana siku za kuhesabu.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu njo kubwa zaidi. Uwaziri unatolewa na kuondolewa kwa ordonansi. Sasa ordonansi hiyo hiyo ya kuteua waziri inafungua kiti bungeni, na ile ya kumuondoa inakifunga. Yaani kalamu ya serikali imepata uwezo wa kusema ni nani, kati ya mwenye kiti na suplea wake, anakaa mu nyumba ambayo kazi yake ni kuchunga serikali. Kipande cha mulango wa bunge kimewekwa mu mukono wa mtu anayepaswa kuchungwa. Hiyo haikusemwa na mtu mu 2011, sababu macho yote yalikuwa ku duru ya pili.

Jambo la tatu munalijua wenyewe, mumeliona ku mitaa. Kama kiti ni changu hata nikitoka, basi suplea lazima awe mtu ambaye hatanisumbua. Watu wamezoea kuona majina ya suplea yakifanana na jina la mugombea: bibi, mtoto, ndugu. Sitasema kwamba ilianza 2011, ilikuwepo mbele. Lakini sheria mupya iliipa sababu zaidi. Kwa lugha ya shamba: mbegu ya akiba ilipaswa kuwa ya aina ile ile waliyoichagua wananchi, imekuwa mbegu ya aina ile ile ya familia.

Na ile kazi ya kuchagua kati ya viti viwili bado inatusumbua. Baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, wakubwa wengi wa serikali walikuwa wamechaguliwa wabunge. Tarehe 20 Februari 2024, waziri mkuu Sama Lukonde alijiuzulu ili achukue kiti chake cha bunge. Serikali ikabaki ya kushugulikia mambo ya kila siku tu. Judith Suminwa aliteuliwa tarehe 1 Aprili, na serikali yake ikapata kura ya bunge tarehe 12 Juni 2024. Karibu miezi minne, na mashariki iko mu vita. Sama Lukonde mwenyewe, mu Agosti ya mwaka ule, akawa Raisi wa Senati, yaani mtu ambaye kifungu cha 75 kinamutaja wa kwanza kama kiti cha juu kingebaki wazi. Munaona namna hivi viti vinashikamana.

VITI AMBAVYO HAVIBAKI WAZI HATA SIKU MOJA

Historia ya pengo iko na upande wake wa pili: viti ambavyo muda wao unaisha lakini sheria inasema haviko wazi.

Kifungu cha 70 kinasema Raisi anakaa miaka mitano, anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu, na mwisho wa mandat anabaki kazini mpaka Raisi mupya aliyechaguliwa aingie. Waliokiandika waliogopa 2001, waliogopa hata siku moja bila mtu. Lakini mandat ya pili ya Kabila ilipokaribia mwisho wake wa tarehe 19 Desemba 2016, na uchaguzi haukuwa umetayarishwa, swali likawa: tusome 70 ao tusome 75? Upinzani ulisema kuna pengo, Raisi wa Senati aingie. Wabunge wa upande wa serikali wakaenda Korti ya Katiba, na tarehe 11 Mai 2016 Korti ikasema kifungu cha 70 kinamuruhusu Raisi kubaki. Kwa Korti, hakukuwa na pengo.

Vijana walishuka barabarani Septemba na Desemba 2016, na wengine hawakurudi nyumbani. Walikufa juu ya maana ya neno moja la katiba: pengo. Maaskofu wa Katoliki wakaleta watu mezani, mapatano yakatiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2016, uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018, na tarehe 24 Januari 2019 Félix Tshisekedi akaapa. Kiti kilikuwa kimepita muda wake kwa miaka miwili na zaidi.

Senati ilipita wote. Masenta waliochaguliwa mu Januari 2007 kwa miaka mitano walikaa mpaka 2019, sababu katiba inasema mandat yao inaisha Senati mupya ikiingia. Majimbo nayo: mu 2015, tulipotoka ku majimbo 11 kufika 26, majimbo 21 mapya yalizaliwa bila gavana. Korti ya Katiba ilisema tarehe 8 Septemba 2015 serikali ichukue hatua za muda, na mwisho wa Oktoba Raisi akateua makomisere wa pekee wayaongoze. Magavana walichaguliwa tarehe 26 Machi 2016. Makomisere tena, kama mu 1960. Safari hii na karatasi ya Korti.

Ukiweka haya yote pamoja, unaona kitu kimoja. Kwa Raisi, sheria ya pengo imeandikwa vizuri, lakini anayeiombea Korti ni serikali yake mwenyewe. Kwa masenta, muda hauishi mpaka wengine waje. Kwa mubunge aliye waziri, kiti kinamungoja. Kila mahali, hatua kwa hatua, sheria imeegemea upande wa aliyekaa. Aliyechagua hapati nafasi ya kusema neno mpaka uchaguzi mwingine, kama unafika ku saa yake.

SASA TUFANYE NINI

Tarehe 23 Oktoba 2024, Kisangani, Raisi Tshisekedi alitangaza kwamba tume itaundwa ili kufikiria katiba ingine. Tangu hapo mazungumuzo yote ni juu ya kifungu cha 220, kile kinachochunga idadi na urefu wa mandat za Raisi. Ni lazima tuzungumuzie 220. Lakini 2011 imetufundisha kwamba wakati macho yote yako ku kifungu kimoja, vingine vinapita mulango wa nyuma.

Ninafuata chama kimoja cha wakulima, wanawake wengi kuliko wanaume. Statuti yao iko na kurasa sita tu. Raisi wao aliitwa kazi mu ofisi ya serikali, akataka kubaki na cheo "mpaka nitakaporudi". Mama mumoja akasimama akamuuliza: "Sasa huyu anayekaa pale pako, tukimukabizi pesa, anatujibu sisi ao anakujibu wewe?" Walichagua mwingine siku ile ile. Hawakuwa na korti wala Kongre. Walikuwa wamekubaliana mbele kwamba cheo ni cha chama.

Swali la yule mama linafaa kabisa kwa artikle 110. Kwa hiyo, maandishi yoyote ya katiba yakija mbele yetu, mapya ao ya zamani yaliyorekebishwa, ninaomba tusome kwanza vifungu vya mapengo, na tuulize: nani anatangaza kwamba kiti kiko wazi, na je, yeye mwenyewe anafaidika? Nani anaingia, na je, anajibu wananchi ao anajibu mtu? Kwa siku ngapi, na nini kinatokea zikipita?

Mimi maoni yangu ni haya. Turudie sheria ya 2006: anayekubali uwaziri aache kiti kabisa, na suplea awe mubunge kamili mpaka mwisho. Kama hilo linaonekana kali sana, basi angalau sheria ya uchaguzi ikataze suplea wa nyumba moja na mugombea, ili anayelinda kiti awe mtu ambaye wananchi wangeweza kumuchagua hata peke yake. Kuna watakaosema sina haki ya kuota hivi. Kifungu cha 218 kinasema raia 100.000 wakitia sahihi petisheni na kuipeleka ku bunge moja kati ya mbili, wanaweza kuanzisha badiliko la katiba. Vyuo vyetu viko na vijana wangapi? Hesabu ninawaachia.

Na wakati tunangoja, kuna jambo ambalo halihitaji sahihi hata moja. Mugombea akija mtaani kwenu 2028, akimaliza kuhutubia na kugawa kofia, inueni mukono mumuulize: wasuplea wako wawili ni nani, wanaitwa nani, walete hapa mbele tuwasikie. Kuna nafasi kubwa kwamba mumoja wao njo atakaa bungeni kwa jina lenu.